Kisima kina maji, bomba halina nguvu: mwongozo kamili wa kutafuta msukumo ulikopotelea

Jirani yangu hapa Nzuguni, Dodoma, alikuwa na pampu ya nguvu farasi moja. Shawa ya nyumbani kwake ilikuwa ikidondoka tu, akaambiwa pampu ni ndogo. Akanunua ya farasi moja na nusu. Shawa ikabaki vilevile, na baada ya wiki tatu kisima kikaanza kutema hewa na mchanga. Jumamosi moja tulikaa naye, tukafuata bomba kutoka bafuni kurudi nyuma. Chini ya tenki tukakuta geti vali ambayo ulimi wake wa ndani umekatika na kuangukia njiani. Kishikio kilizunguka vizuri kabisa, ungedhani iko wazi, kumbe imeziba zaidi ya nusu. Tukabadilisha vali na maji yakarudi. Ile pampu kubwa kazi yake yote ilikuwa kumaliza maji ya kisima kabla ya wakati.

Jambo hili linaniuma kwa sababu naliona kila kiangazi. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, nyumba zimeota Iyumbu, Nala, Ihumwa hadi Mtumba, na wengi wetu tumechimba visima virefu kwa fedha tulizozikusanya kwa shida. Kisima cha huku si cha kuchezea. Chini yetu ni mwamba wa matale, na maji yanakaa kwenye nyufa na kwenye tabaka lililooza juu ya mwamba. Ukikosea ukaweka pampu inayovuta kuliko nyufa zinavyoleta, unaharibu pampu na kisima pamoja. Ndiyo maana utaratibu ninaouelekeza hapa unaanzia kwenye koki na kurudi nyuma hatua kwa hatua. Pampu inakuwa ya mwisho kuguswa.

Msukumo na wingi ni vitu viwili

Kabla ya kushika spana, tenganisha haya mawili. Msukumo ni nguvu ya maji yakiwa yamezuiliwa ndani ya bomba. Wingi ni lita ngapi zinatoka kwa dakika ukifungua. Bomba linaweza kuwa na msukumo mzuri kabisa likiwa limefungwa, ukifungua tu maji yakawa membamba kama uzi, kwa sababu mahali fulani njia ni finyu. Na linaweza kuwa na njia pana safi lakini msukumo mdogo, kwa sababu tenki liko chini. Magonjwa haya mawili yana dawa tofauti, na anayeyachanganya ndiye anayenunua pampu asiyoihitaji.

Nyumba nyingi za huku hazipati msukumo kutoka kwenye pampu ya kisima. Pampu inajaza tenki, na tenki linaleta maji ndani kwa uzito wake. Hapo kanuni ni moja: kila mita 10 za kimo cha maji zinakupa bar 1, kwa kukaribia. Sasa piga hesabu ya kwako. Mnara wa mita 3, shawa iko mita 2 juu ya sakafu. Kutoka kitako cha tenki hadi shawa ni mita 1 tu, yaani bar 0.1. Tenki likijaa na maji yana kina cha mita 1.2, unapata mita 2.2. Likikaribia kuisha unabaki na ile mita 1. Ndiyo maana shawa ina nafuu asubuhi tenki likiwa limejaa, na jioni inakata tamaa. Hapo hakuna kilichoharibika, ni kimo tu, na ukishalijua hilo umeokoa fedha ya fundi wa kubahatisha.

Vitu vya kuwa navyo: ndoo ya lita 20, simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, mpira mwangavu wa mita 4 au 5 unaoingia kwenye koki, spana mbili, tepu nyeupe ya uzi, siki, mswaki wa zamani, na daftari. Kama una busta, yaani pampu ndogo ya kuongeza presha ya maji ya nyumbani, ongeza geji ya presha ya bar 0 hadi 10 na pampu ya baiskeli. Kwa upande wa kisima utahitaji maltimita (kipimo cha volti) na fundi umeme wa kuishika, kama si kazi yako.

Hatua ya kwanza: ni koki moja au nyumba nzima?

Fungua kila koki peke yake, moja baada ya nyingine, na uandike. Jikoni, sinki la kunawia, shawa, choo, koki ya nje. Ikiwa moja tu ndiyo dhaifu, usiende mbali. Fungua kichujio kidogo kilicho mdomoni mwa koki, au kichwa cha shawa. Maji ya visima vingi vya hapa ni magumu, yanaacha ukoko mweupe kwenye birika na vilevile kwenye vitundu vya shawa. Loweka kwenye siki usiku mzima, asubuhi usugue kwa mswaki, kisha upulize kila kitundu. Usitumie sindano kwenye shawa za mpira, unazipanua vibaya. Choo kinachojaa taratibu, safisha boya lake. Kitundu cha kuingizia maji ni kidogo mno, na chembe moja ya mchanga inatosha kukiziba.

Ikiwa maji ya baridi yana nguvu na ya moto hayana, tatizo ni hita au vali yake. Ukoko hushika zaidi penye joto. Zima umeme wa hita kwenye swichi kuu kabla ya kugusa chochote, kwa sababu ndani ya kifaa hicho maji na umeme viko pamoja.

Koki za upande mmoja wa nyumba zikiwa dhaifu na za upande mwingine nzuri, kizuizi kiko kwenye tawi linalolisha upande ule. Zote zikiwa dhaifu, ile ya nje iliyo karibu na tenki pamoja nazo, endelea.

Hatua ya pili: ndoo, kisha mpira

Weka ndoo ya lita 20 chini ya koki ya jikoni, fungua hadi mwisho, hesabu sekunde hadi ijae. Gawa 1,200 kwa sekunde ulizopata. Jibu ni lita kwa dakika. Sekunde 100 ni lita 12 kwa dakika, hiyo ni nzuri. Sekunde 200 ni lita 6, inavumilika. Ukivuka sekunde 300, yaani chini ya lita 4, hapo una haki ya kulalamika. Rudia kwenye koki ya nje na kwenye koki iliyo mbali kuliko zote. Fanya hivyo tenki likiwa limejaa, na siku utakayorudia kupima baada ya matengenezo, tenki liwe limejaa vilevile. Bila hivyo unalinganisha vitu visivyolingana.

Sasa mpira. Kwa nyumba inayolishwa na tenki tu, geji ya kawaida haikusaidii, bar 0.3 kwenye geji ya bar 10 ni kama mshale haujasogea. Mpira mwangavu unasema kweli zaidi. Vaa mpira kwenye koki, kaza vizuri, inua ncha yake juu kadiri uwezavyo ukutani au kwenye ngazi, kisha fungua koki taratibu. Maji yatapanda ndani ya mpira na kusimama. Kimo kutoka kokini hadi yaliposimama ndio msukumo wako kamili. Kwenye nyumba isiyo na busta yatasimama sawa na usawa wa maji ndani ya tenki.

Hapo ndipo penye siri. Mwambie mtu afungue koki nyingine ndani ya nyumba wewe ukiutazama mpira. Maji yakishuka kidogo, kama sentimita 30 hivi, njia ni nzuri na shida yako ni kimo. Yakianguka ghafla mita nzima au zaidi, kuna mahali njia imebanwa: vali, kichujio, bomba jembamba, ukoko. Nimeona mafundi wenye uzoefu wa miaka wakibishana saa nzima jambo ambalo mpira huu ungelimaliza kwa dakika tano.

Wenye busta wafanye jaribio lilelile kwa geji. Soma geji koki zote zikiwa zimefungwa, kisha soma tena koki mbili zikiwa wazi.

Hatua ya tatu: vali, vichujio na hewa

Anza na geti vali zote kuanzia tenki hadi nyumbani. Hesabu mizunguko ya kufungua. Geti vali nzima ina mizunguko kadhaa na mwishoni unaisikia imegota. Ile inayozunguka bila kugota, au inayogota mapema mno, ishuku. Vali za kishikio kimoja cha kugeuza robo duara ni rahisi zaidi: kishikio kikilala sambamba na bomba, iko wazi. Ukilazimika kununua mpya, chukua hii ya robo duara. Haina ulimi wa kukatika.

Kama una kichujio cha mchanga kwenye njia, kile chenye chupa ya kufungulia, kitoe na upime ndoo bila hicho kitambaa cha ndani. Nguvu ikirudi umepata jibu. Kisima kinacholeta mchanga kinaweza kuziba kichujio ndani ya wiki chache, nawe ukasahau kwamba kipo.

Hewa ndiyo inayowachanganya watu zaidi. Tenki lilikauka siku mbili, likajaa tena, na bafu moja halipati maji ilhali zingine zinapata. Mahali fulani bomba limepanda na kushuka kama mgongo wa ngamia, mara nyingi juu ya mlango au lilipovuka dari, na hewa imekaa kwenye mgongo huo. Kwa tenki lililo juu sana hewa inasukumwa yenyewe. Kwa mnara wa mita 3 haitoki. Njia iliyonisaidia ni kurudisha maji kinyume: tafuta chanzo chenye nguvu, kwa mfano busta ya kuazima inayovuta maji ya kisima kilekile kutoka kwenye pipa safi, unganisha mpira wake kwenye koki iliyokataa, fungua, na usukume maji kuelekea kwenye tenki kwa dakika mbili tatu mtu mwingine akiwa juu anasikiliza. Utasikia hewa ikibubujika ndani ya tenki. Dawa ya kudumu ni bomba jembamba la kupumulia, lipandishwe kutoka kwenye ule mgongo hadi juu kuliko ukingo wa tenki.

Hatua ya nne: bomba lenyewe

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu ndipo nyumba nyingi mpya zilipopoteza nguvu tangu siku ya kwanza, kabla hata ya kupakwa rangi.

Maji yakipita kwenye bomba yanasuguana na kuta zake, na msuguano unakula msukumo. Chukua lita 12 kwa dakika kupita mita 30 za bomba lenye tundu la nusu inchi. Msuguano unakula mita 7 hivi za kimo, yaani mnara wako wote na zaidi, na tenki haliwezi kabisa kukupa kiasi hicho. Lita zilezile kwenye bomba la inchi moja zinapoteza sentimita 25 hivi. Tofauti ya bei ya mabomba hayo kwa mita 30 ni ndogo kuliko gharama ya kuongeza mnara, achilia mbali busta na umeme wake wa kila mwezi.

Tena kuna mtego. Bomba la PPR, lile la plastiki linaloungwa kwa joto, linapimwa kwa nje. Lile linaloitwa la milimita 20, kwa aina nene ya maji ya moto, tundu lake ni milimita 13 hivi tu. Na fundi akizidisha joto wakati wa kuunga, plastiki inavimba ndani na kubana tundu zaidi. Kiungo cha hivyo hukioni kwa nje. Njia ya kukigundua ni kufungua yunioni, yaani viungo vya kufunguka kwa spana, kimoja kimoja kutoka upande wa tenki na kupima ndoo kila mahali. Pale ambapo lita zinaanguka ghafla, kati ya hapo na ulipopima mwisho ndipo penye ugonjwa.

Ushauri wangu kwa nyumba inayotegemea tenki: kutoka tenki hadi ukutani mwa nyumba iwe inchi moja au zaidi, matawi makuu ndani robo tatu, na nusu inchi ibaki kwa kipande cha mwisho cha kuingia kwenye koki. Kama umeshajenga, badilisha ile njia kuu ya nje kwanza. Ni kuchimba mtaro wa nusu siku, ukuta hauguswi, na mara nyingi inatosha.

Mabomba ya zamani ya chuma ni habari nyingine. Kwa maji yetu yenye chumvi yanaota kutu na ukoko ndani hadi tundu la robo tatu linabaki kama la kalamu. Hayasafishiki. Yang'oe.

Kisha uvujaji. Usiku watu wakilala, funga koki zote, zima pampu, weka alama ya usawa wa maji kwenye tenki, na asubuhi kabla mtu hajaamka tazama tena. Tenki lenye kipenyo cha mita 1.2 linapoteza lita 11 hivi kwa kila sentimita inayoshuka. Likishuka, funga vali ya tenki usiku unaofuata na urudie: likitulia, bomba linavuja, likiendelea kushuka, tenki lenyewe au vali yake. Kulitafuta tundu Dodoma ni rahisi kuliko Tanga au Bukoba, kwa sababu kuanzia Juni hadi Novemba ardhi ni kavu kama kigae. Tembea juu ya njia ya bomba. Kipande cha majani mabichi mwezi wa tisa, nyuki wanaotua chini, kuku wanaopenda kuchakura sehemu moja, hapo chimba. Mabomba ya plastiki yaliyoachwa juani yanakauka na kupasuka, basi yafukie kina cha kutosha ili hata jembe la bustani lisiyafikie.

Hatua ya tano: tenki na mnara

Hili ni fupi. Panda juu kwa ngazi imara, mtu mwingine akiishika. Tazama kama kitako kina tope lililofikia tundu la kutokea. Vumbi la huku linaingia hata kwenye tenki lenye mfuniko, na kisima cha mchanga kinaongeza lake. Safisha angalau mara moja kwa mwaka. Angalia pia kama tenki linapata hewa. Mfuniko uliozibwa kwa mfuko wa nailoni na kamba unazuia maji kutoka kwa uhuru. Na boya la kuzima pampu likiwa limefungwa chini mno, tenki halijai kamwe, nawe unaishi na ile mita 1 kila siku.

Hatua ya sita: busta na tangi lake dogo la presha

Busta iwekwe kuvuta kutoka kwenye tenki. Usiiunganishe moja kwa moja kwenye bomba la DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, kama unalo, kwa kuwa unavuta maji ya jirani, na bomba likibaki tupu uchafu wa ardhini unaingia kupitia nyufa. Vivyo hivyo usiunge bomba la kisima na la mamlaka kwa vali tu. Kila moja limwage maji yake juu ya tenki, lisiguse maji yaliyomo.

Busta inayowaka na kuzima kila sekunde chache ukifungua koki moja inakuambia kwamba lile tangi dogo limepoteza hewa. Zima umeme, fungua koki hadi maji yaishe kabisa, kisha pima hewa kwenye kipupa chake kama cha tairi. Inatakiwa iwe pungufu kwa bar 0.2 ya presha inayowasha pampu. Kama pampu inawaka kwenye bar 1.5, weka hewa bar 1.3 kwa pampu ya baiskeli. Ukibonyeza kipupa yakatoka maji, mpira wa ndani umepasuka, ubadilishwe. Kumbuka kupima kukiwa hakuna maji ndani, vinginevyo unapima presha ya maji badala ya hewa.

Kama haiwaki kabisa au inachelewa, kitundu kidogo cha kuingizia maji kwenye swichi ya presha huenda kimezibwa na ukoko. Na kama busta ni nzima lakini geji inaanguka ukifungua koki mbili, rudi hatua ya nne: bomba ni jembamba.

Hatua ya saba: kisimani

Umefika hapa kwa sababu tenki halijai, au linajaa kwa saa nyingi kuliko zamani. Tafuta ile karatasi ya mchimbaji. Inapaswa kuonyesha kina cha kisima, usawa wa maji yakiwa yametulia, pampu iko kina gani, na kisima kilitoa lita ngapi kwa saa kilipojaribiwa. Kama hukupewa, mfuate mchimbaji akupe; ni haki yako, na bila karatasi hiyo unafanya kazi gizani.

Washa pampu na upime ndoo kwenye mdomo wa bomba linaloingia tenkini. Pima dakika ya kwanza, ya kumi, ya thelathini na ya sitini, ukizidisha lita kwa dakika mara 60 upate lita kwa saa. Namna zinavyobadilika ndiyo habari yenyewe.

Zikianza na nguvu kisha zikapungua, maji yakaanza kutema hewa au kuwa na rangi ya tope, usawa umeshuka hadi kwenye pampu. Zima mara moja. Pampu ya kuzama inapozwa na maji, na ikikaa mkavu inaungua. Hapa kisima kinaleta pungufu ya pampu inavyovuta, na pampu kubwa zaidi ni kosa lilelile la jirani yangu. Cha kufanya ni kubana vali iliyo mdomoni mwa kisima hadi lita zinazotoka ziwe chini kidogo ya zile ambazo kisima kinaweza, na kufunga kifaa cha kuzima pampu maji yakiisha. Kisima cha lita 800 kwa saa kinajaza tenki la lita 2,000 kwa saa mbili na nusu. Kwa familia hiyo inatosha kabisa, mradi ipampu polepole, asubuhi na jioni, ikipumzisha kisima katikati.

Kushuka huku kwa usawa kuna sababu ya mahali. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Machi au Aprili, kisha ukame. Na si kila msimu unaongeza maji ya ardhini. Makutupora, kwenye visima vinavyolisha jiji hili, usawa wa maji umekuwa ukipimwa tangu miaka ya 1950, na rekodi hiyo inaonyesha wazi: maji yanashuka taratibu kwa miaka kadhaa, kisha yanaruka juu katika misimu michache ya mvua kubwa, kama ule wa El Niño wa 1997/98. Kwa hiyo kisima kilichojaribiwa mwezi wa nne baada ya mvua nzito kinaweza kukupa namba ambayo hutaiona tena kwa miaka. Ikiwa karatasi yako ina tarehe ya namna hiyo, punguza matumaini. Ikiwa chini ya pampu bado kuna mita nyingi za maji, fundi anaweza kuishusha, ila isifike kwenye tope la kitako. Kuongeza kina cha kisima au kuchimba kingine ni jambo la kibali cha ofisi ya bonde la maji chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, kwa hiyo anzia huko kabla ya kumwita mchimbaji.

Kama lita ni chache tangu dakika ya kwanza na hazibadiliki, kisima hakina kosa. Tazama umeme na pampu.

Umeme kwanza. Pima volti pampu ikiwa inazunguka, si ikiwa imezimwa. Inatakiwa 230, ikishuka chini ya 207 pampu inachoka na kupata joto. Pima saa mbili usiku watu wakiwa wanapika, kisha saa tano usiku. Kama saa tano inapampu vizuri, umejua kosa ni umeme. Volti nzuri kwenye mita ya umeme lakini mbovu kwenye kisima ni waya mwembamba kwa umbali ule. Kapasita iliyochoka nayo inaifanya pampu ingurume bila kuwaka, au iwake kwa shida. Kwa wenye sola: panda ukafute paneli. Upepo wa Dodoma wa kuanzia mwezi wa saba unazipaka vumbi ndani ya siku chache, na maji ya chumvi ukiyaacha yakaukie juu yake yanaongeza utando; zikaushe kwa kitambaa.

Kisha jaribio ambalo mafundi wachache hulifanya nalo ni zuri mno. Funga geji mdomoni mwa kisima kabla ya vali. Washa pampu, funga vali kabisa, soma geji, fungua. Isizidi nusu dakika, na usifanye kama bomba la juu ni la plastiki dhaifu. Zidisha bar ulizosoma mara 10, jumlisha mita kutoka juu hadi usawa wa maji. Linganisha na kimo cha juu kilichoandikwa kwenye kibandiko cha pampu. Mfano: kibandiko kinasema mita 80, maji yako mita 35 chini, geji inasoma bar 4.4. Hiyo ni 44 na 35, jumla 79. Pampu ni nzima, usiitoe. Geji ikisoma bar 2.5, jumla ni 60. Volti zikiwa nzuri, ama impela (magurudumu ya ndani yanayosukuma maji) zimeliwa na mchanga, ama bomba lililo ndani ya kisima limetoboka. Ukizima pampu ukasikia maji yakishuka kwa kishindo, na kila unapowasha yanachukua muda mrefu kufika juu, ni tundu hilo au vali ya njia moja iliyo juu ya pampu.

Kupima usawa wa maji kwa kamba yenye uzito kunahitaji uangalifu. Kama kisima chako kina bomba dogo la kupimia, pitisha humo. Kama hakina, usiteremshe kamba kati ya bomba na waya wa pampu. Ikinasa, unaweza kulazimika kutoa kila kitu. Mwachie fundi mwenye kipimo chake cha umeme. Na kwa visima vya kuchimbwa kwa mkono naomba kwa moyo wote: usiingie, wala usimwingize kijana wa kazi. Hewa ya chini inaweza isiwe na oksijeni, na jenereta au pampu ya petroli iliyo karibu na mdomo inajaza moshi unaoua bila kunusika vizuri. Mtu anazimia kabla hajaita, na wanaomfuata kumwokoa wanabaki naye humo.

Baada ya kufungua kisima

Pampu ikishatolewa na kurudishwa, maji yamechafuliwa na mikono, kamba na udongo. Tia klorini kabla ya kunywa. Kesingi, yaani bomba kubwa linaloshikilia kuta za kisima, ya inchi 6 ina lita 18 hivi kwa kila mita ya maji. Ya inchi 5 ina kama 12 na nusu. Kwa maji ya kina cha mita 30 kwenye inchi 6 ni lita 540. Unga wa klorini wa asilimia 65 hadi 70, gramu 75 kwa kila lita 1,000, ina maana gramu 40 hivi kwa kisima hicho. Yeyusha kwanza kwenye ndoo ya maji ukiwa nje penye upepo, mimina, pampu dakika chache ukiyarudisha kisimani kwa mpira, kisha acha saa 12. Siku inayofuata toa maji hadi harufu iishe, uyamwage mbali na miche ya zabibu na bustani.

Acha kisima kipumzike usiku mzima, kisha pima tena ndoo ya dakika ya kwanza na ya sitini, volti, na usawa wa maji. Andika na tarehe. Rudia mwishoni mwa Aprili na mwishoni mwa Novemba, daftari likae na ile karatasi ya mchimbaji.